Fomu ya Mwaka Jana: Kisa cha Akiba ya Kivinjari Dukani Kwetu

Mama mmoja, mteja wa steshenari yetu, alirudi na karatasi mbili mkononi. Moja tulimchapia sisi siku nane kabla. Nyingine ilikuwa ya mtoto wa jirani yake, imechapwa kwenye steshenari nyingine ng'ambo ya stendi. Nembo ya chuo ni ile ile, kichwa ni kile kile, "Maelekezo ya Kujiunga", hata sahihi ya mkuu wa chuo ni ile ile. Lakini ya kwetu ilisema ada ya mwaka ni shilingi 1,150,000 na sare ya mafunzo kwa vitendo ni ya bluu. Ya jirani ilisema 1,300,000 na sare ya kijani. Ya kwetu iliwataka wanafunzi waripoti Jumatatu ya pili ya Oktoba. Ya jirani, Jumatatu ya mwisho ya Septemba. Zote mbili hazikuandikwa mwaka wa masomo popote. Mama alikuwa ameshanunua kitambaa cha bluu, na fundi alikuwa ameshakikata.

"Mwanangu, ipi ndiyo ya kweli?" alimuuliza kijana wangu wa dukani.

Kijana aligeuza skrini, akafungua tovuti ya chuo, akabofya kiungo cha maelekezo, na mbele ya macho ya mama ikatokea ile ile ya bluu. "Unaona mama, tovuti yenyewe ndivyo inavyosema." Hakudanganya, maana ndivyo alivyoona. Ila alichokiona hakikutoka chuoni siku ile. Kilitoka ndani ya kompyuta yetu wenyewe, na kilikuwa kimekaa humo tangu mwanzo wa Julai.

Nakiandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu wenye steshenari tuko wengi na tunashika mambo mazito ya watu: maombi ya mikopo, kujiunga na vyuo, vyeti vya kuzaliwa, ajira. Mzazi anayekuja kwetu mara nyingi hana njia nyingine ya kuiona tovuti. Kwake yeye, skrini yetu ndiyo chuo. Na karibu sote tuna dawa moja kwa kila ugonjwa wa kivinjari, yaani programu ya kufungulia tovuti kama Chrome: "futa keshi". Siku ile tuliitumia. Ilituonyesha fomu mpya, kweli, lakini iliwaumiza watu wengine wasiohusika, na ilibaki kidogo tu ifute hata ushahidi wa kilichotokea.

Kwanza neno lenyewe. Dukani tunatamka "keshi", lakini keshi kwetu ni pesa taslimu pia, na kwenye maandishi inachanganya. Chrome ya Kiswahili inatumia "akiba", nami nitalitumia hilo: ni nakala za kurasa na mafaili ambazo kivinjari hujiwekea ndani ya kompyuta.

Siku ile mimi sikuwepo Morogoro. Nilikuwa Dar es Salaam nimefuata wino na rimu za karatasi. Kijana akanipigia, akanieleza haraka haraka huku mama akisikia, nami nikamjibu kama ninavyomjibu siku zote: "Futa keshi, fungua upya." Hata sikumuuliza fomu gani, chuo gani. Akabonyeza Ctrl, Shift na Delete, likaja dirisha la kufuta data ya kuvinjari. Akachagua muda wote, akaweka tiki kwenye kila kisanduku alichokiona, akafuta. Akafungua tena tovuti ya chuo. Ikaja fomu ya kijani. Mama akaitazama, akakaa kwenye benchi, hakusema kitu.

Saa moja baadaye akaingia mteja mwingine, kijana wa kidato cha sita aliyemaliza mwaka ule. Tangu asubuhi alikuwa akijaza maombi ya ufadhili kwenye mashine ile ile, akafika mahali panapotaka namba ya cheti cha kifo cha baba yake, akaenda nyumbani kukifuata. Ukurasa tuliufunga bila wasiwasi, kwa kuwa mfumo ule ulikuwa ukitunza rasimu. Kumbe ulikuwa unaitunza ndani ya kivinjari, si kwenye seva yao, yaani kompyuta yao inayotoa tovuti. Tulipofuta kila kitu, rasimu nayo ilikwenda. Kurasa sita alizojaza zilirudi tupu, na zilibaki siku mbili maombi yafungwe. Alimaliza usiku wa siku ya pili, na kijana wangu alikaa naye mpaka mwisho bila kumtoza hata senti.

Halafu nywila. Kwenye toleo la Chrome tulilokuwa nalo, dirisha lile lilikuwa na kisanduku cha nywila zilizohifadhiwa, nacho kikatiwa tiki. Kivinjari kilikuwa kimeunganishwa na akaunti ya duka na usawazishaji umewashwa, yaani mashine zetu zote mbili zilishirikiana data kupitia akaunti hiyo, kwa hiyo nywila hazikufutika kwenye mashine moja tu. Zilifutika kwenye akaunti, zikatoweka hata kwenye mashine ya pili. Wiki nzima tulikuwa tukiomba kubadilishiwa nywila za mifumo ambayo tunaifungua kila siku.

Nilirudi saa mbili usiku. Nilichokuwa nacho ni karatasi mbili, mama aliyeumia, kijana aliyepoteza kazi ya nusu siku, na jibu rahisi la kwamba "keshi ilikuwa imejaa". Jibu hilo sikulikubali. Akiba kujaa haiwezi kugeuza shilingi 1,300,000 kuwa 1,150,000. Kwanza akiba ina ukomo wake, na ikiufikia kivinjari chenyewe hutoa vitu vya zamani visivyoguswa ili kupisha vipya. Lazima kulikuwa na sababu nyingine.

Bahati yetu ilikuwa mashine ya pili. Kila kivinjari kwenye kila mashine kina akiba yake, na ile ya pili hakuna aliyeigusa zaidi ya nywila kutoweka. Nikaifungua tovuti ya chuo humo, nikabofya kiungo. Fomu ya bluu. Hapo nikajua ushahidi bado upo, na kabla ya kitu kingine chochote nikaipiga skrini picha kwa simu.

Kisha nikafanya jaribio ambalo lingetakiwa kufanywa tangu asubuhi. Kwenye mashine hiyo hiyo nikafungua dirisha fiche, lile ambalo halitumii akiba ya kawaida ya kivinjari, nikaandika anwani ile ile ya fomu. Ikaja ya kijani. Mashine moja, kivinjari kimoja, anwani moja, dakika mbili kati yake, fomu mbili tofauti. Kwa hiyo chuo hakikuwa na fomu mbili. Chuo kilikuwa na moja, ya kijani, na sisi tulikuwa tumeitunza ya bluu. Laiti dirisha fiche nalo lingeonyesha bluu, ningejua tatizo liko upande wa seva au njiani, na hapo hata ungefuta akiba yako mara kumi usingepata kitu.

Iliyobaki ilikuwa kujua kwa nini kivinjari kiliendelea kuiamini nakala yake. Nikabonyeza F12, kitufe kinachofungua zana za wasanidi ndani ya kivinjari, nikaenda kwenye sehemu ya mtandao, nikaiita tena fomu kwenye dirisha la kawaida. Mstari wake ulionyesha kwamba imetoka kwenye akiba ya diski. Hakuna hata baiti moja iliyokwenda chuoni. Kivinjari hakikuuliza.

Hapa inabidi nieleze kinavyofanya kazi, maana ndipo penye kisa chenyewe.

Kivinjari kinapofungua ukurasa kwa mara ya kwanza, huweka nakala ya karibu kila kilicholetwa: maandishi, picha, mafaili ya mapambo, hati za PDF. Ukirudi kesho, vingi havishushwi tena. Hilo ni jambo jema na sitaki mtu alione kama adui. Ukurasa wa mbele wa chuo kile niliupima usiku ule ule. Mara ya kwanza ulikula karibu megabaiti 6, na mara ya pili haukufika nusu megabaiti. Duka langu linaishi kwa bando la simu. Kila anayefuta akiba yote asubuhi na jioni "ili kompyuta iwe nyepesi" ananunua upya vitu ambavyo alikuwa navyo tayari.

Lakini kivinjari kitajuaje kwamba nakala yake bado ni nzima? Anayetakiwa kukiambia ni seva. Pamoja na kila faili, seva hutuma mistari michache ambayo mtumiaji haioni. Mmoja unaitwa Cache-Control. Seva ikiandika humo max-age=3600, maana yake ni kwamba nakala hii ihesabiwe nzima kwa sekunde 3,600, yaani saa moja, na ndani ya saa hiyo hakuna haja ya kuuliza. Muda ukiisha, kivinjari hakiitupi nakala. Kinarudi kwa seva na kuuliza: ninayo hii ya tarehe fulani, je, imebadilika? Kama haijabadilika seva hujibu kwa namba 304, jibu fupi lisilobeba faili, na nakala inaendelea kutumika. Kama imebadilika, inatuma faili jipya kwa namba 200. Utaratibu huu ni mzuri kweli kweli, na ukifuatwa hakuna mtu atakayeona fomu ya mwaka jana.

Seva ya chuo kile haikufuata. Kwenye mistari yake hapakuwa na Cache-Control hata kidogo, wala Expires, mstari wa zamani wenye kazi kama hiyo. Kulikuwa na tarehe mbili tu: siku tulipoishusha fomu kwenye mashine ya pili, Julai 2, na siku chuo kilipoibadilisha fomu hiyo kwa mara ya mwisho, Agosti 14 ya mwaka uliotangulia.

Seva ikinyamaza hivyo, kivinjari huruhusiwa kukisia. Ruhusa hiyo imo kwenye kanuni zenyewe za HTTP, lugha ambayo vivinjari na seva huzungumza. Toleo la sasa la sehemu inayohusu akiba ni waraka uitwao RFC 9111, wa Juni 2022, na humo kinatajwa kipimo kinachotumika sana: chukua muda uliopita tangu faili libadilishwe, asilimia 10 ya muda huo ndiyo siku za kuiamini nakala. Kati ya Agosti 14 na Julai 2 kuna siku 322. Asilimia 10 yake ni siku 32. Kwa hiyo Chrome yetu ilijipa siku 32 za kutouliza, kuanzia Julai 2 hadi Agosti 3. Nilipotazama tarehe ya fomu ya kijani kwenye dirisha fiche, ilikuwa Julai 8. Mama alikuja mara ya kwanza Julai 15. Alirudi Julai 23. Zote zimo ndani ya zile siku 32.

Mashine ya kwanza ilikuwa na historia kama hiyo hiyo, ila akiba yake ndiyo ile iliyokwisha kufutwa mchana. Isingekuwa ya pili, hesabu hii nisingeipata kamwe, na hadi leo ningekuwa nikisema keshi ilijaa.

Hesabu hiyo imenikaa kichwani kuliko yote. Mantiki yake si mbaya: faili ambalo halijaguswa kwa mwaka mzima, yaelekea halitaguswa wiki hii. Kwa picha ya jengo la utawala, sawa. Kwa nembo, sawa. Lakini fomu ya kujiunga hubadilika mara moja kwa mwaka, na hubadilika wakati ule ule ambapo imekaa muda mrefu kuliko wakati mwingine wowote. Yaani kadiri siku ya kubadilishwa inavyokaribia, ndivyo kivinjari kinavyozidi kuiamini ya zamani. Na msimu huo huo ndio wazazi wanajaa dukani. Ratiba za mitihani, orodha za ada, tarehe za kuripoti, hati zote za namna hii zinaangukia hapo.

Vivinjari havikisii sawasawa. Firefox nayo hutumia asilimia 10, ila imejiwekea ukomo wa wiki moja. Kama mashine ile ingekuwa inatumia Firefox, nakala ya Julai 2 ingeisha muda wake Julai 9, na Julai 15 kivinjari kingeuliza na kuletewa fomu ya kijani. Sisemi hivi ili watu wahame kivinjari. Nasema ili mwenye duka aelewe kwa nini jirani yake anaona kitu kingine kwenye anwani ile ile, na asimwambie mteja kwamba karatasi ya jirani ni ya kughushi. Kijana wangu alikaribia kulisema neno hilo.

Usiku ule, baada ya kupiga picha zote nilizozitaka, nilibaki mbele ya fomu ya bluu nikijiuliza ni kitu gani kidogo kuliko vyote ambacho kingetosha. Nikabonyeza F5. Fomu ikapotea kidogo, ikarudi ya kijani.

Kitufe kimoja. Unapobofya kiungo, kivinjari hutumia nakala yake ikiwa kinaiona nzima. Unapopakia upya ukurasa ulio mbele yako, kinalazimika kuuliza seva kuhusu hati hiyo yenyewe hata kama siku zake 32 hazijaisha. Kijana wangu alifungua kiungo kile mara mbili au tatu mbele ya mama, akifunga na kubofya tena. Kubofya tena si kupakia upya. Angekuwa amebonyeza F5 mara moja Julai 15, kitambaa cha bluu kisingenunuliwa.

F5 nayo ina mpaka wake. Kwa hati moja kama PDF inatosha. Kwa ukurasa wenye picha na mapambo mengi, Chrome huuliza kuhusu ukurasa wenyewe, lakini picha na mafaili yake inaweza kuendelea kuyachukua kwenye akiba ikiwa bado yanahesabika mazima. Ndiyo maana wakati mwingine maandishi yanakuja mapya huku mpangilio umevurugika au bango la zamani bado linaning'inia. Hapo unatumia Ctrl na F5 pamoja, au Ctrl, Shift na R. Hiyo huipita akiba kwa kila kitu kilichomo kwenye ukurasa huo, bila kugusa tovuti nyingine hata moja. Kwenye simu vitufe hivyo havipo, kwa hiyo dirisha fiche ndilo la kukimbilia kwanza.

Nikimfundisha mtu sasa, ninamwambia kivinjari kina droo, na dirisha la kufuta linaziorodhesha moja moja kwa sababu kila droo ina mali ya aina yake. Droo ya picha na mafaili ndiyo akiba hasa. Ukiifuta hupotezi kitu zaidi ya bando. Droo ya vidakuzi (vifaili vidogo ambavyo tovuti huviacha kwenye kivinjari) na data ya tovuti ni jambo jingine kabisa: humo ndimo zinamokaa alama za kwamba umeshaingia kwenye akaunti, rasimu, vikapu vya manunuzi. Ukiifuta unatolewa kila mahali, na rasimu kama ya yule kijana haina pa kurudi. Droo ya historia ni orodha ya ulikopita, na kuifuta hakubadilishi ukurasa wowote kuwa mpya. Nywila nimeshaeleza. Siku ile tulihitaji kugusa hati moja ndani ya droo ya kwanza, tukamwaga droo zote sakafuni.

Kuna hali moja ambapo droo ya kwanza peke yake haitoshi. Baadhi ya tovuti, hasa zile zinazojifanya kama programu ya simu na kufunguka hata bila mtandao, huweka kiprogramu kidogo ndani ya kivinjari kinachotunza nakala zake chenyewe. Hicho hukaa upande wa data ya tovuti. Ukiona tovuti ya namna hiyo imeng'ang'ania ya zamani, bofya alama iliyo kushoto mwa anwani, ingia kwenye data ya tovuti, uifute ya tovuti hiyo moja. Nyingine zote ziache.

Baada ya kuelewa, tulibadilisha namna tunavyohudumia. Kazi za wateja sasa hazifanyiki kwenye kivinjari cha duka. Chrome ina hali ya mgeni, nasi kila mteja tunamfungulia dirisha la mgeni. Akimaliza tunalifunga, na vidakuzi vyake, historia yake na akiba yake vinaondoka pamoja naye. Fomu ya mteja wa Julai 2 haiwezi tena kumsubiri mteja wa Julai 15. Bando limepanda kidogo, sikatai, lakini kwa kazi zinazobeba ada za watu naona ni gharama ya haki. Kazi zetu wenyewe, kama barua pepe ya duka na mifumo ya malipo, zimebaki kwenye kivinjari cha kawaida ambacho akiba yake hatuigusi.

Hapa pana mtego ambao nimeuona kwenye maduka mengi yanayotumia dirisha fiche. Watu wanadhani kila dirisha fiche ni chumba chake. Sivyo. Madirisha fiche yote yaliyo wazi kwa wakati mmoja yanatumia vidakuzi vile vile, na vinafutika tu pale la mwisho linapofungwa. Ukiacha moja limejificha nyuma ya madirisha mengine, mteja wa pili anaweza kujikuta ndani ya akaunti ya mteja wa kwanza. Hali ya mgeni nayo ni hivyo hivyo. Ndiyo maana sheria yetu ni kufunga yote kabla mteja anayefuata hajakaa kwenye kiti, na kwa mteja anayetaka kutoka na kurudi, kama yule kijana wa cheti, tunahakikisha kwanza kazi yake imehifadhiwa kwenye seva, tukiona namba ya ombi lake kwa macho. Kama mfumo hautoi namba, tunamwambia ukweli kwamba akitoka tutaanza upya, na tunampangia muda wa kuja na karatasi zote.

Kwa hati yoyote yenye pesa au tarehe ndani yake, kijana anabonyeza F5 kabla ya kuichapa, halafu anaandika kwa kalamu juu ya karatasi tarehe na saa aliyoishusha. Mwanzoni wateja walishangaa. Sasa wengine wanaidai.

Nilikipigia chuo pia. Aliyepokea upande wa kompyuta alinisikiliza kwa adabu, akaniambia: "Mwambieni mzazi afute keshi." Nilimjibu kwamba mzazi hana kompyuta, kompyuta ni yangu, na kwamba maduka kama langu yako kila wilaya ambako wanafunzi wao wanatoka. Nikamwandikia barua pepe yenye picha za skrini na ile hesabu ya siku 32.

Upande wao dawa ni rahisi kuliko upande wetu, na inamfaa kila anayeendesha tovuti ya shule, hospitali au halmashauri. Hati mpya ipewe jina jipya. Fomu ya mwaka huu iitwe kwa mwaka wake, kisha kiungo kielekezwe kwake. Jina jipya ni anwani mpya, na hakuna kivinjari duniani chenye nakala ya anwani ambayo hakijawahi kuifungua. Ikiwa lazima jina libaki lile lile, seva iandike no-cache kwenye Cache-Control ya hati hizo. Neno hilo linawapotosha wengi wakidhani linakataza kutunza nakala. Halikatazi. Linasema: tunza, ila niulize kila mara kabla ya kuitumia. Hati ikiwa haijabadilika, jibu ni lile fupi la 304, bando haliliwi. Linalokataza kutunza kabisa ni no-store, na hilo mahali pake ni kurasa zenye siri za mtu, kama matokeo yake au taarifa za benki. Nembo na mapambo yasiyobadilika wanaweza kuyapa mwaka mzima, sekunde 31,536,000, mradi siku wakiyabadilisha wabadilishe na jina. Na waandike mwaka wa masomo juu ya karatasi. Hilo halihitaji hata fundi wa kompyuta.

Baada ya wiki tatu niliona jina la faili limebadilika, na mwaka umeandikwa. Barua yangu haikujibiwa, lakini kwangu hilo lilikuwa jibu la kutosha.

Mama nilimlipia kitambaa cha kijani na ujira wa fundi. Alikataa mwanzoni, akasema kosa ni la kompyuta. Nikamwambia, "Mama, kompyuta ni ya kwangu." Kile cha bluu fundi alimgeuzia mashati mawili ya shule ya mdogo wa mwanafunzi. Zile shilingi 150,000 za nyongeza ya ada alizipata kabla ya Septemba kwisha, na mwanawe aliripoti siku yake.

Usiku ule niliporudi tulifungua pia daftari la duka. Kati ya Julai 8, fomu ilipobadilishwa, na Julai 23, mama aliporudi, tulikuwa tumechapa fomu ya chuo kile mara tano. Mmoja ni mama. Watatu tulikuwa na namba zao, tukawapigia usiku ule ule. Wawili walikuwa bado hawajanunua kitu, wa tatu alikuwa ameshapeleka fedha benki kwa kiasi cha zamani na akaongeza baadaye. Wa tano, daftari limeandikwa "maelekezo, kurasa 7, imelipwa", bila jina, bila simu. Kijana anakumbuka kwamba alikuwa mzee mwenye kofia ya kijivu aliyekuwa akiwahi basi la Kilosa. Niliwatuma makondakta wawili ninaofahamiana nao wamuulizie, nikabandika karatasi kwenye mlango wa duka, ikakaa hapo mpaka Oktoba. Hakurudi.